Mbio za mbwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu asili yake na jinsi zilivyoenea duniani

Je, mbwa wanaokimbia kwenye skrini za vibanda vya kubeti ni mbwa wa kweli?

Hapana. Mbwa wanaoonekana kila baada ya dakika chache katika vibanda vya kubeti vya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, pale ambapo mbio zimeandikwa kuwa ni “virtual”, yaani za kubuniwa, ni picha zilizotengenezwa kwa kompyuta, na mshindi hupatikana kwa namba inayochaguliwa na programu bila mpangilio. Hakuna mbwa aliyechoka wala mbwa mwenye kipaji, na mtu anayekaa na daftari akiandika kwamba namba nne haijashinda tangu asubuhi anafuatilia kitu kisichokuwepo.

Hata hivyo picha zile hazikubuniwa kutoka hewani. Tazama mavazi ya mbwa: wa kwanza nyekundu, wa pili bluu, wa tatu nyeupe, wa nne nyeusi, wa tano rangi ya chungwa, na wa sita milia myeusi na myeupe. Huo ndio mpangilio wa rangi za viwanja vya Uingereza, ambako mbio huwa za mbwa sita. Mwembamba yule mwenye mgongo uliopinda na kiuno kilichobonyea anaitwa grehaundi, na historia yake ni ndefu kuliko ya kamari yenyewe. Nimeandika majibu haya kwa sababu vijana wengi wanaomwekea dau kila siku hawajawahi kuambiwa alikotoka.

Grehaundi ni mbwa wa namna gani, na je, asili yake ni Misri?

Ni mbwa wa kuwinda kwa macho. Mbwa wengi wa kuwinda hufuata harufu huku pua ikiwa chini, lakini grehaundi humwona mnyama kwa mbali na kumfukuza kwa kasi mpaka amfikie. Akiwa amekolea mbio hufikia takribani kilomita 70 kwa saa, na katika kila hatua kamili miguu yake yote minne huwa hewani mara mbili: mara moja mwili ukiwa umejikunja, na mara nyingine ukiwa umenyooka kama mshale. Moyo wake ni mkubwa ukilinganisha na mwili, na damu yake ina chembe nyekundu nyingi kuliko za mbwa wa kawaida. Hana nguvu za kukimbia mchana kutwa. Mbio zake huisha ndani ya nusu dakika au zaidi kidogo, na baada ya hapo ni mnyama wa kulala.

Kuhusu Misri, ni kweli kwamba makaburi ya kale ya huko yana michoro ya mbwa wembamba wenye miguu mirefu, na kwa muda mrefu watu walichukulia kwamba hao ndio babu zake wa moja kwa moja. Tafiti za vinasaba za karne hii zimeitikisa imani hiyo, kwa kuwa zimeonyesha kwamba grehaundi wa leo yuko karibu zaidi na mbwa wachungaji wa Ulaya kuliko na mbwa wa Mashariki kama saluki. Umbo linaweza kufanana bila ukoo kuwa mmoja. Hata jina lake halihusiani na rangi ya kijivu, kama wengi wanavyodhani kwa kuusikiliza mwanzo wa neno la Kiingereza; latokana na neno la Kiingereza cha kale, *grighund*, na grehaundi huzaliwa weusi, weupe, wekundu na wenye milia.

Kabla ya viwanja kujengwa, mbwa hawa walishindanishwaje?

Walishindanishwa kwa kumfukuza sungura hai. Mbwa wawili walishikwa pamoja kwa mkanda, sungura akaachiwa atangulie, kisha wakafunguliwa kwa wakati mmoja. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba mshindi hakuwa lazima yule aliyemuua sungura. Mwamuzi aliyekuwa juu ya farasi alihesabu alama kwa mbwa aliyemfikia sungura kwanza, aliyemgeuza, na aliyempita mwenzake, kwa hiyo mbwa angeweza kushinda huku sungura akitokomea salama ndani ya ua wa miiba.

Wazo hilo ni la kale. Arrian, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2 baada ya Kristo, alieleza jinsi Wakelti walivyowinda kwa mbwa wa aina hii, akasema wazi kwamba mwindaji wa kweli hawatoi mbwa wake kwa ajili ya kuua bali kwa ajili ya kuona ushindani, na hufurahi sungura akiponyoka. Huko Uingereza, kanuni za mchezo zilizotungwa enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza huhusishwa na Duke wa Norfolk, mkabaila wa cheo cha juu, na chama cha kwanza cha mchezo huu kilianzishwa Swaffham, katika jimbo hilohilo la Norfolk, mwaka 1776. Mwaka 1836 likaanzishwa Kombe la Waterloo katika nyanda za Altcar, karibu na Liverpool, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndilo shindano kubwa kuliko yote ya mbwa. Mbwa kutoka Ireland aitwaye Master McGrath alilishinda mara tatu, mwaka 1868, 1869 na 1871, akawa maarufu kiasi cha kupelekwa mbele ya Malkia Victoria.

Ulikuwa mchezo wa wenye ardhi, kwani ulihitaji mashamba mapana na sungura wengi. Mfanyakazi wa kiwandani angeweza kusafiri kwenda kutazama, lakini mchezo haukuwa wake. Uingereza na Wales ziliupiga marufuku kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2005, na Kombe la Waterloo la mwezi huo likawa la mwisho.

Nani alibuni sungura wa bandia?

Jaribio la kwanza linalokumbukwa lilifanyika mwaka 1876 huko Hendon, pembezoni mwa London, ambako sungura wa bandia alivutwa juu ya reli iliyonyooka ya urefu wa yadi 400 hivi. Watu walikuja, wakaona, wakaondoka. Kwa kuwa njia haikuwa na kona, mbwa mwenye kasi zaidi alitangulia tangu mwanzo na kushinda, na hapakuwa na jambo la kusisimua moyo. Zilikuwa mbio za sakafuni, na ukingo wake haukuwa mbali.

Aliyefanikiwa ni Mmarekani, Owen Patrick Smith, mzaliwa wa Memphis katika jimbo la Tennessee. Smith alikuwa ameshuhudia mashindano ya kufukuza sungura hai na hakupendezwa na mauaji yale, akaanza kutafuta njia ya kubakiza mbio na kuondoa kifo. Mwaka 1912 hutajwa kuwa ndio mwaka wa uvumbuzi wake: sungura wa bandia aliyefungwa kwenye kigari kinachoendeshwa kwa umeme, kikizunguka juu ya reli katika njia ya duara. Mwaka 1919 alifungua kiwanja chenye majukwaa ya watazamaji huko Emeryville, California. Kiwanja hicho hakikudumu. Smith hakukata tamaa. Alijaribu mji mmoja baada ya mwingine, kuanzia Tulsa katika jimbo la Oklahoma hadi Hialeah, karibu na Miami, ambako mbio zilianza mwaka 1922 na kupata mizizi.

Ni vema msomaji akumbuke shina hili anaposoma yanayofuata. Mchezo huu ulizaliwa kwa nia ya kumwokoa sungura. Lakini muda si mrefu mlangoni pa viwanja alisimama mchukua madau mwenye mfuko wa fedha, na bila yeye ilikuwa vigumu kwa kiwanja kulipa gharama zake. Mambo mengi yaliyowapata mbwa baadaye yalitokana na ukweli huo mmoja.

Kwa nini zilishika Uingereza kwa kasi kuliko Marekani zilikozaliwa?

Mmarekani Charles Munn ndiye aliyechukua haki za kumtumia sungura wa Smith nchini Uingereza. Huko akapata mshirika hodari, Brigedia Jenerali Alfred Critchley, mwanajeshi mzaliwa wa Kanada aliyekuwa na jicho la biashara, na kwa pamoja na wenzao wakaunda kampuni na kujenga kiwanja Belle Vue, Manchester. Mbio za kwanza zilifanyika jioni ya Jumamosi, tarehe 24 Julai 1926. Watu kama 1,700 walihudhuria. Mbwa aitwaye Mistley alishinda mbio za kwanza za yadi 440, sawa na mita 400 na kidogo, kwa sekunde 25. Idadi ya watazamaji ilikuwa ndogo, na siku ile wawekezaji walipata hasara. Wiki chache baadaye wenye kiwanja walikuwa wakihesabu watazamaji kwa maelfu mengi, na kabla ya mwaka 1927 kwisha makumi ya viwanja yalikuwa yamefunguliwa kote Uingereza, pamoja na Celtic Park mjini Belfast na Shelbourne Park mjini Dublin.

Sababu hazihitaji kutafutwa mbali. Kumbuka hali ya mfanyakazi wa mji kama Manchester mwaka ule, miezi miwili tu baada ya mgomo mkuu wa Mei 1926. Mbio za farasi zilifanyika mchana, akiwa kazini, na mara nyingi mbali na mji. Sheria ya mwaka 1906 ilikuwa imekataza kuweka dau mitaani, kwa hiyo maskini aliyetaka kubeti alilazimika kujificha uchochoroni na kukimbia akimwona polisi, wakati tajiri aliyekuwa na akaunti ya mkopo kwa mchukua madau aliweka dau lake kwa simu bila kuvunja sheria yoyote. Mbio za mbwa zilibadilisha hayo yote kwa mpigo. Kiwanja kilikuwa ndani ya mji, mwisho wa njia ya tramu, mbio zilianza jioni chini ya taa za umeme, kiingilio kilikuwa cha bei nafuu, na kuweka dau ndani ya kiwanja kulikuwa halali. Wanawake nao walihudhuria kwa wingi, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika michezo ya siku zile.

Juni 1927 mbio zilianza White City, London, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1908 na ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukikosa kazi. Mwaka huohuo yalifanyika hapo mashindano ya kwanza ya Derby ya Kiingereza, shindano kuu la mbio za mbwa nchini humo, na mshindi akawa mbwa aitwaye Entry Badge. Wembley nao ukafuata mwezi Desemba. Mwaka 1928 chombo cha kutunga na kusimamia kanuni kikaanza kazi, na sheria ya mwaka 1934 ikaruhusu rasmi viwanja kutumia mashine ya kukusanya madau yote katika chungu kimoja na kuwagawia washindi baada ya kutoa makato. Mara tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1946, mahudhurio yalizidi milioni 30 kwa mwaka.

Nguvu ya mchezo huu ilionekana hata katika Kombe la Dunia la mwaka 1966. Wenye Wembley walikataa kuahirisha mbio zao za kawaida za Ijumaa, na mechi kati ya Uruguay na Ufaransa ikahamishiwa White City. Kombe la Dunia liliwapisha mbwa.

Mick the Miller alikuwa nani?

Ndiye mbwa wa mbio aliyependwa kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1926 huko Killeigh, katika jimbo la Offaly, Ireland, nyumbani kwa padri wa kijiji, Martin Brophy. Alikuwa mdogo kuliko ndugu zake, na akiwa bado kijana aliugua ugonjwa uliokaribia kumuua. Mwaka 1929 padri alimpeleka London kwenye Derby, akakimbia yadi 525 katika mbio za mchujo chini ya sekunde 30, jambo lililokuwa halijafanywa na mbwa mwingine, na baada ya mchujo huo akauzwa. Katika fainali mbwa waligongana na mbio zikarudiwa, marudio akayashinda. Mwaka 1930 akaushinda ubingwa huo kwa mara ya pili, na katika kipindi hicho alipata ushindi 19 mfululizo.

Wafunzaji waliomfahamu walisisitiza kwamba hakuwa na kasi kubwa kuliko wote. Alijua kusoma kona. Wakati wenzake wanasukumana kwenye reli, yeye alipunguza kidogo, akangoja pengo, kisha akapita. Mwaka 1931 alifika wa kwanza katika fainali ya tatu, lakini mbwa mmoja alikuwa amewasumbua wenzake njiani, mbio zikaamriwa kurudiwa, na Mick, ambaye umri ulikuwa umeanza kumlemea, hakuweza tena. Alifariki mwaka 1939. Mwili wake umehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tring, nje kidogo ya London, ambako bado anasimama ndani ya kabati la kioo.

Mbio zenyewe zinaendeshwaje?

Mbwa hupimwa uzito kabla ya mbio, alama za mwili wake hulinganishwa na kitabu chake, na namba iliyochorwa kwa wino ndani ya sikio husomwa ili asibadilishwe na mbwa mwingine. Huvalishwa vazi lenye namba na kifunga mdomo chepesi, kisha watu huwatembeza mbele ya majukwaa ili wanaobeti wawatazame. Hapo ndipo wazee wa kiwanjani huangalia misuli ya mapaja na namna mbwa anavyoshika mkia. Baada ya hapo kila mmoja husukumwa kwa nyuma ndani ya kizimba chake cha kuanzia, mlango ukafungwa.

Taa za majukwaani hupunguzwa na njia ya mchanga hubaki iking'aa. Mbwa humsikia sungura kabla ya kumwona, kwa sababu kigari hupiga kelele juu ya reli kikitokea upande wa pili, nao huanza kulia na kukwaruza mlango kwa kucha. Kigari kikishapita vizimba kwa umbali wa mita kadhaa, milango hufunguka yote kwa pamoja. Juu katika kibanda hukaa mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuongeza na kupunguza mwendo wa kigari ili mbwa wa mbele asikifikie wala asikipoteze machoni, maana grehaundi asiyemwona sungura hana sababu ya kukimbia. Kwa umbali wa mita 480, ambao ni wa kawaida Uingereza, yote hayo huchukua chini ya sekunde 30 kwa mbwa mzuri.

Zilifikaje Australia, China na kwingineko?

Zilifuata njia ileile ya wafanyabiashara wenye hati za sungura. Mmarekani Frederick Swindell alianzisha mbio za usiku mjini Sydney mnamo Mei 1927. Makanisa na baadhi ya wanasiasa walipinga, na kwa miaka michache zilisimamishwa katika jimbo la New South Wales, lakini wafanyakazi walizipenda na zikarudi. Australia leo ndiyo yenye viwanja vingi kuliko nchi yoyote, na mbio zake huwa za mbwa wanane.

Shanghai ilipata kiwanja kikubwa mwaka 1928 ndani ya eneo lililotawaliwa na Wafaransa. Macau, koloni la Wareno, ilikuwa na mbio kwa muda mfupi katika miaka ya 1930, kisha zikafufuliwa mwaka 1963. Ireland iliona kwamba ufugaji ni riziki ya wakulima wake, ikaunda bodi ya serikali mwaka 1958, na hadi sasa mbwa wengi mno wanaokimbia Uingereza wamezaliwa Ireland.

Mbio za saluki katika nchi za Ghuba ni kitu kimoja na hizi?

Si kitu kimoja, ingawa zinafanana. Saluki ni mbwa wa kuwinda wa Waarabu tangu kale, na hata kwa Waislamu wanaojiepusha na mbwa nyumbani, aya ya 4 ya Surat al-Maida imehalalisha windo linalokamatwa na wanyama waliofunzwa. Desturi ya saluki ilikuwepo karne nyingi kabla ya reli ya Smith, na mashindano yake ya leo huendeshwa kama kumbukumbu ya uwindaji.

Ikiwa zilipendwa hivyo, kwa nini viwanja vimefungwa?

Kwa Uingereza, mwanzo wa kuporomoka una tarehe. Sheria ya mwaka 1960 iliruhusu maduka ya kubeti, na yakafunguliwa mitaani kuanzia 1961. Mtu hakuhitaji tena kulipa kiingilio wala kusimama kwenye baridi. Televisheni nayo ikamkalisha nyumbani. Wakati huohuo ardhi ya mijini ilipanda thamani, na kiwanja kinachotumika jioni chache kwa wiki hakikuweza kushindana na mjenzi wa nyumba. White City kilifungwa mwaka 1984, Walthamstow 2008, Wimbledon 2017, na Belle Vue yenyewe, pale zilipoanzia, 2020. Viwanja vilivyobaki mara nyingi hukimbiza mbwa mchana majukwaa yakiwa karibu matupu, picha zikirushwa kwenye maduka ya kubeti. Kutoka hapo mpaka kumwondoa mbwa kabisa na kuweka picha yake ilikuwa hatua fupi sana.

Nchini Marekani uamuzi mkubwa ulitoka kwa wapiga kura. Florida ilikuwa na viwanja 11 kati ya 17 vya nchi nzima wananchi walipopiga kura mnamo Novemba 2018, na takribani asilimia 69 waliamua mbio zikome ifikapo mwisho wa 2020. Baada ya Iowa na Arkansas kufunga mwaka 2022, vilibaki viwanja viwili tu, vyote katika jimbo la West Virginia.

Wapinzani wana hoja gani hasa?

Hoja yao ya kwanza ni majeraha. Mbwa sita au wanane wanaoingia kona moja kwa kilomita 60 kwa saa hugongana, na mfupa wa kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia, unaobeba uzito kwa kuwa wanazunguka kuelekea kushoto, huvunjika mara nyingi. Hoja ya pili ni uzazi wa kupita kiasi: wafugaji huzalisha wengi ili wapate wachache wenye kasi, na wale wasio na kasi hawana kazi. Hoja ya tatu ilitikisa Australia mwaka 2015, pale kipindi cha televisheni ya taifa kilipoonyesha wafunzaji wakitumia wanyama hai kuwachochea mbwa mazoezini. Serikali ya New South Wales ilitangaza marufuku Julai 2016, kisha ikaifuta miezi mitatu baadaye kwa shinikizo la wafugaji. Jimbo dogo la mji mkuu, Canberra, lilipiga marufuku mwaka 2018. New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba mbio zingekomeshwa ifikapo katikati ya 2026, na serikali ya Wales ikatangaza nia kama hiyo Februari 2025.

Watetezi wa mchezo hujibu kwamba uangalizi wa daktari wa mifugo kiwanjani na utaratibu wa kuwatafutia mbwa wastaafu nyumba umeboreka sana, na ni kweli umeboreka. Kwa maoni yangu hilo halijibu hoja ya pili. Kilichoanza kama njia ya kumnusuru sungura kiliuhamishia mzigo kwa mbwa, na mzigo huo utabaki pale pale maadamu thamani ya mnyama inapimwa kwa dau linalowekwa juu yake.

Mbwa akistaafu, au kiwanja kikifungwa, huenda wapi?

Wengi huacha kukimbia wakiwa na umri wa miaka mitatu hadi mitano, ilhali wanaweza kuishi hadi 12 au zaidi. Kiwanja cha Macau kilipofungwa Julai 2018, zaidi ya mbwa 500 waliachwa kwenye mabanda, na wanaharakati wa huko, wakisaidiana na wenzao wa nchi nyingine, walitumia miezi mingi kuwatafutia familia Hong Kong, Ulaya na Marekani.

Anayemchukua grehaundi aliyestaafu hushangaa kwa vitu vidogo. Mbwa huyu amelelewa bandani, kwa hiyo hajui ngazi. Husimama chini akitetemeka mpaka mtu amshike miguu na kumwekea mmoja mmoja juu ya kila kidato. Hugonga kioo cha mlango kwa sababu hakukiona. Kwa wiki za mwanzo huamka alfajiri saa ileile aliyokuwa akitolewa kwa mazoezi, akasimama mlangoni kimya akingoja mkanda. Kisha siku moja huchelewa kuamka, akakutwa bado amelala kwenye kochi, chali, miguu yote minne ikiwa juu.